Masouda Aandikwe Nani

Mtu akija mlangoni na karatasi, muulize ametumwa na nani. Akishajibu, muulize na huyo aliyemtuma ametumwa na nani. Hilo nimetoka nalo Unguja na sikulisahau Maskati. Kwa hiyo Novemba ya 1993, vijana wawili walipopita mtaani kwetu Hail na kopo la rangi wakapiga nambari ukutani, kando ya geti letu, niliifuta kwa mafuta ya taa kabla haijakauka. Wakarudi wakaiandika tena. Nikaifuta. Mara ya tatu mke wangu Nasriya alitoka na kitambaa cha jikoni begani, akanitazama.

"Baba Safwan, utausugua ukuta mpaka utuangukie?"

"Waulize nambari ya nini."

"Ya sensa. Redio haina jengine la kusema wiki nzima. Nchi inataka kujua ina watu wangapi."

"Na ikishajua?"

Akaingia zake ndani. Nasriya hajibu maswali yangu. Huyawacha yamesimama uani kama mgeni asiyepewa kiti.

Mimi nimeziona orodha. Nimeiona ya makuli waliogoma bandarini Unguja mwaka wa arubaini na nane, nami kijana wa miaka kumi na tano nikiwapelekea maji. Nimeiona ya wanaoruhusiwa kusafiri na ya wasioruhusiwa, zote mbili kwa hati moja ya mkono. Sijaona orodha iliyoniletea kheri. Hata ya wanaoalikwa harusini, jina langu huwa la mwisho, tena kwa wino mwengine.

Lakini safari hii si jina langu lililonitia wasiwasi. Lilikuwa la Masouda.

Tulikuwa watu watatu nyumbani. Mimi, Nasriya, na Masouda katika chumba cha uani. Mwanangu Safwan anafanya kazi Nizwa, tunamuona Alkhamisi tukibahatika. Masouda kanizidi miaka miwili. Tumekulia nyumba moja, mtaa wa Malindi, Unguja. Mama yake, Tufaha, akipika na kufua kwetu, na bibi yake alinunuliwa na babu yangu. Naam, alinunuliwa, kwa nini nitafute neno zuri? Nilipopata umri wa kusimama juu ya kreti bandarini kuwaambia watu kuwa binaadamu wote sawa, Masouda ndiye aliyekuwa ushahidi wangu. "Nna dada," nikisema, "babu yangu kamnunua bibi yake, na leo sisi ndugu!" Makuli wakipiga makofi mpaka vumbi la karafuu likiruka.

Akaja Maskati na marehemu mama mwaka wa sabiini na tano, na tangu hapo yuko kwangu. Nilimjengea chumba nilipojenga nyumba. Yeye huniita Bwana Sleyum. Nimemkataza mara mia, hataki.

Wiki moja kabla ya siku ya sensa akaja Musallam. Huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu, anafanya kazi wizarani, na nyumba yake imetazamana na yangu hivi kwamba nikipiga chafya yeye husema *alhamdulillah* kwa niaba yangu. Hakukaa. Musallam asipokaa, jua ana haja.

"Ami Sleyum, mwanangu Lujain kaja kuposwa."

"Mashaallah. Na nani?"

Akanitajia ukoo wa bara ya huku, wakubwa, wanaohesabu mababu kama watu wanavyohesabu tasbihi.

"Wanauliza sana, ami. Wanauliza kila mtu. Sasa watu wa sensa watakuja, na wanaoandika ni watu wa huku huku, maneno yanatembea. Nataka tuwe na kauli moja. Wakiuliza Masouda ni nani…"

"Bi Masouda. Kakubeba mgongoni huyo."

"Bi Masouda. Wakiuliza, tuseme mtumishi. Ndiyo hali yenyewe. Ukisema dada, watauliza dada kwa mama gani, kwa baba gani. Watasema damu yetu ina mchanganyiko tusioutaja. Lujain atabaki ndani."

"Mimi nitasema dada."

"Ami, hii si bandari ya Unguja."

"Na wewe si mwenye bandari."

Akaondoka bila ya kunywa kahawa. Tangu siku hiyo nikaanza kuona mambo. Gari ya Musallam ikichelewa kuondoka asubuhi. Nasriya na Masouda wakinong'ona jikoni, nikiingia wananyamaza, mmoja anasonya, mwengine anachambua mchele ulokwishachambuliwa. Nikamuuliza Nasriya kama Musallam kamfuata yeye kwa siri.

"Kanifuata nini?"

"Aseme na wewe uniponze mbele ya karani."

"Musallam ananiomba bizari, Baba Safwan. Mkewe imemwishia."

Bizari! Mtu wa wizara. Sikuamini, na mpaka leo nusu yangu haijaamini.

Kitu kimoja sikukifanya katika siku zote saba. Sikumuuliza Masouda. Niliona hakuna haja. Jawabu lake nilikuwa nalijua. Nilikuwa nalo tangu juu ya kreti.

Karani akaja siku ya sensa, saa nne ya asubuhi. Jina lake Bakhit, mwalimu wa skuli, mtu wa Salala, dishdasha yake ina vumbi la mtaa mzima na viatu vimechoka. Alipiga hodi kwa adabu na hilo likanitia shaka zaidi. Sijamaliza kumwekea mto, Musallam huyo! Siku ya kazi, saa za kazi, kanzu imepigwa pasi, udi unamtoka.

"Nimepita tu, ami."

"Wizara imefungwa leo?"

"Nna ruhusa."

"Nani kakuambia karani kafika?"

"Ami, geti langu linatazama geti lako."

Nikamgeukia Bakhit. Alikuwa ametoa fomu kubwa, na penseli.

"Kwa nini penseli?" nikamuuliza kwa Kiarabu.

"Ndivyo tulivyoamrishwa, mzee wangu. Mtu akikosea, afute."

"Ndio maana nauliza. Nani atafuta?"

Bakhit akacheka. Hakuwa na haraka. "Mzee, tangu asubuhi nimeingia nyumba tisa. Moja mbwa alinifukuza, moja bibi alinificha watoto nisije nikawatia jicho kwa kuwahesabu. Wewe wa kwanza kuniogopa penseli."

"Sikuogopi. Nakushuku."

"Hewala. Nishuku, lakini niambie jina."

Nikampa langu, akaniandika mkuu wa nyumba. Nikampa la Nasriya. Nikampa la Safwan, akakataa.

"Kalala hapa jana?"

"Kalala Nizwa. Lakini ni mwanangu."

"Nizwa watamwandika. Mimi nataka waliolala hapa."

Basi hawa ndio wanaokubali kumpoteza mtoto wa mtu kwa usiku mmoja, nikajisemea. Lakini penseli ilikuwa imeshuka mstari wa tatu. Nasriya alikuwa amesimama mlango wa jikoni na birika la kahawa. Masouda alikuwa nyuma yake, mtandio umemshuka shingoni, mikono ina unga.

"Na huyu mama?" akauliza Bakhit.

"Masouda. Dada yangu."

"Mtumishi," akasema Musallam.

Tulisema pamoja, kama watoto wa chuoni. Bakhit akainua penseli hewani, akatutazama mmoja mmoja.

"Dada," nikasema.

"Mwalimu," Musallam akamwambia, na sauti yake ikawa ya wizara, "ami yangu ana moyo mwema. Huyu mama alitumikia nyumba ya babu zetu, na mama yake kabla yake. Andika kama ilivyo."

"Kama ilivyo wapi?" nikapiga kelele. "Nani kakupa wewe 'ilivyo'? Kijana uliyezaliwa sisi tumekwisha kuwa watu wazima!"

"Ami, nna binti ndani!"

"Na mimi nna dada ndani!"

Bakhit akasubiri mpaka tukakosa pumzi. Kisha akasema hajali anayepiga kelele zaidi, atamuuliza mwenyewe. Hapo ikawa taabu, maana Bakhit hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, na Masouda Kiarabu chake ni cha soko la Matrah: ghali, punguza, samaki huyu kalala. Lazima awepo wa kufasiri. Musallam akasema hafasiri ami, kwa sababu ami atageuza. Mimi nikasema hafasiri Musallam, kwa sababu atazua. Bakhit akaweka penseli chini, akajikuna sikio, akaamua kama kadhi: mimi nifasiri, Musallam asikilize, na nikigeuza neno, aseme.

"Lakini kwanza," akasema, "kabla sijauliza yeye ni nani wa nani, nna swali la mwanzo kwa mujibu wa kazi. Nyumba kwetu sisi si kuta. Nyumba ni watu wanaopika pamoja na kula pamoja, chungu kimoja. Walio na chungu chao ni nyumba yao, hata wakiwa chini ya paa moja. Basi nyie ni chungu kimoja?"

"Hilo halina haja ya kuulizwa," nikasema.

"Chungu kimoja," akasema Musallam. Ndilo jambo pekee tulilokubaliana siku hiyo. Mtumishi au dada, angekula wapi?

Masouda akavuta mtandio kichwani. Akapita mbele ya Nasriya, akaja mpaka katikati ya sebule, mahali ambapo nilikuwa sijapata kumuona akisimama bila ya sinia mkononi.

"Kasema chungu," akaniambia. "Neno hilo nalijua. Vyungu vyote vya nyumba hii nimevinunua mimi Matrah. Kauliza nini cha chungu?"

"Hakuuliza kitu. Nataka kukuuliza mimi, umwambie kuwa wewe ni nani kwangu."

"Kauliza nini cha chungu, Bwana Sleyum?"

Nikamwambia. Tukila chungu kimoja, basi sisi ni nyumba moja.

"Mwambie basi. Mimi simo katika chungu chenu. Nnapika kwangu, nnakula kwangu."

Nikacheka. Wallahi nilicheka, nikidhani ni mzaha, Masouda ana mizaha yake. Nikamtazama Nasriya anisaidie kucheka. Nasriya alikuwa akiitazama kahawa.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu kadi."

"Kadi gani?"

"Wewe unayekumbuka kila kitu, unaniuliza mimi kadi gani? Kadi za vita. Alikuja karani nyumbani Malindi kuandika chakula cha mgao. Waarabu mchele, Waswahili unga. Ikaandikwa nyumba yenu kadi ya mchele, watu watano. Mimi na mama tukaandikwa mbali, kadi ya unga, watu wawili. Nyumba hiyo hiyo, ngazi hiyo hiyo. Bibi mkubwa, mama yako, akasema, basi kila kadi na chungu chake, ili pasiwe na maneno. Mama akiwapikia wali wenu, akimaliza, akiinjika chetu."

"Nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa wa miaka kumi. Ulimshikia karani kidau cha wino. Ukifurahi, maana alikuwachia uchovye."

Nimeshasema kuwa ninayo kumbukumbu. Ninakumbuka majina ya makuli waliofukuzwa kazi, ninakumbuka na nani alikwenda kuwataja. Nikakitafuta kidau hicho cha wino, na sikukipata. Nikakitafuta tena. Nikapata rangi ya samawati kidoleni na mama akinigombeza kwa kutia doa kanzu. Sikumuona karani, wala sikumuona Tufaha. Ikanijia shaka ambayo sikuwahi kumwekea mtu wa karibu hivyo.

"Lakini vita vimekwisha," nikamwambia. "Kadi zimekwisha. Miaka hamsini!"

"Mama aliniambia, usile wali wa kadi ya mtu. Siku akiutaka urudi, huna pa kuutoa. Kafa hajaniambia niache."

"Na sahani anayokuwekea Nasriya kila mchana?"

Hapo Nasriya akashindwa. "Inarudi imeoshwa, Baba Safwan. Miaka kumi na minane. Yule Mbangali wa bustani ya jirani, wewe ulidhani kanenepa kwa kumwagia miti maji?"

"Na wewe ukijua?"

"Mimi si mwenye nyumba, mimi hupakua tu. Uliniuliza?"

"Anasema nini?" Bakhit akauliza. Penseli ilikuwa bado imelala.

Hapo kila kitu kilikuwa mikononi mwangu. Musallam alikuwa kaduwaa, naye hakulitegemea. Ningeweza kusema, *anasema yeye ni dada yangu na tunakula pamoja*. Nilikuwa na haki hiyo, nilijiambia, kwa ajili ya makofi yote yale. Nikamuona Musallam anafungua mdomo. Sitasema kuwa ukweli ulinishinda kwa uzito wake. Kilichonishinda ni kuwa sikutaka utoke kwa yule kijana na udi wake. Nikamtangulia.

"Anasema ana chungu chake," nikamwambia Bakhit. "Anapika kwake na kula kwake. Nyumba mbali."

"Kweli?" Bakhit akamuuliza Musallam.

"Ndivyo alivyosema," akajibu Musallam, polepole.

Kazi yake ilimtaka akaone. Tukatoka uani sote, Masouda mbele. Chumba kile nilikijenga mimi, matofali niliyachagua mimi, lakini tangu nilipompa ufunguo sikuwa nimekanyaga ndani, na nikijisifu kwa hilo: heshima. Pembeni palikuwa na jiko dogo la gesi juu ya sanduku la machungwa. Sufuria mbili, moja imefunikwa. Mbuzi ya kukunia nazi. Kopo la unga. Sahani moja, kijiko kimoja, bilauri moja ya bati iliyobonyea ambayo nadhani niliiona zamani mahali pengine.

Bakhit alitazama jiko, akatikisa kichwa, akakaa kizingitini akatoa fomu nyengine, mpya, nyeupe.

"Mkuu wa nyumba ni nani?"

Nikamfasiria Masouda. Akatutazama sisi wanaume watatu tuliobanana mlangoni pake.

"Mbona anauliza? Kwani kamuona mwengine?"

"Jina, la baba, la babu."

Nilitaka kujibu mimi. Nilikuwa nimefungua mdomo nikagundua jina silijui. Baba yake nilikuwa nikimwita "mume wa Tufaha", aliyekufa sisi wadogo.

"Masouda binti Feruzi wa Majaliwa," akasema. Akarudia, taratibu, amtazame Bakhit anavyoandika, ingawa hajui kusoma. "Mwambie asiache Majaliwa."

"Kazi?"

"Mpishi."

"Mpishi wa nani?" akauliza Bakhit.

"Wa wao. Na wangu."

Bakhit alipofunga mkoba wake Musallam akamshika ami yake mkono, yaani mimi, kwa nguvu zaidi ya adabu.

"Sasa wakwe zangu wakiniuliza huyu ni nani wenu, niseme nini? Dada si dada. Mtumishi si mtumishi, ana fomu yake mwenyewe, mkuu wa nyumba! Niseme nini, ami?"

Masouda alikuwa anafunga mlango. Akauwacha nusu.

"Sema jirani," akamwambia. "Sema tuna jirani mmoja, mwanamke mzee, hana makelele."

Nasriya alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Bakhit hakufahamu neno, lakini akacheka kwa kuwa mwanamke kacheka, akaaga, akenda nyumba ya kumi na moja. Musallam akenda zake, na safari hii hakujifanya kuwa alikuwa anapita tu.

Posa ya Lujain iliendelea; hilo ni lake na baba yake. Mimi siku ile nilibaki sebuleni. Wali ukaletwa. Nikamuuliza Nasriya umepikwa na nani, akaniuliza nina homa? Umepikwa na Masouda, kama jana, kama juzi. Nikautazama. Nikamshuku Nasriya kwa kunificha, nikamshuku marehemu mama kwa amri yake, nikamshuku Tufaha kwa wosia wake. Kila niliyemshuku alikuwa ananirudisha kwenye kidau cha wino.

Adhuhuri ikapita. Nikainuka, nikabeba sahani yangu jinsi ilivyo, nikatoka nayo uani. Jua lilikuwa kali hata kwa Disemba. Mlango ulikuwa umefungwa, na kwa mara ya kwanza katika nyumba niliyoijenga mwenyewe nikapiga hodi.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Sleyum."

Harufu ya nazi ilikuwa inapita chini ya mlango, na kitu chengine ndani yake, labda muhogo, labda si muhogo. Sikujua anapenda nini.

"Nnakula," akasema. "Subiri."

Nikasubiri. Wali ukapoa mkononi. Nikatega sikio nisikie kijiko kikigonga sahani, sikusikia kitu. Nilishuku kuwa keshakula zamani.

Sikuondoka.